Yuka imegusa bati: pingili nizipande udongoni, mchangani au kwenye maji?

MamaNjiro: Hamjambo wapenda bustani. Yuka yangu, ule mti wa mapambo, nililetewa ikiwa ya kufika kiunoni, sasa inasukuma bati na mzee wa nyumba ameshatoa msumeno. Nataka shina lote nilikate pingili nipate miche ya kupanga kando ya uzio. Jirani anasema nichomeke tu ardhini, muuza miche wa barabarani anasema mchanga, binti yangu ameona watu wanatumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nani amejaribu ipi ikamjibu?

Wa_Kibosho: Chomeka tu, mama. Isale huku kwetu tunakata kwa panga, tunapigilia mpakani, mvua ikinyesha limeshachipua. Yuka na isale ni ndugu.

fundi_miche: Ndugu wa mbali, mzee wangu. Yuka hii ya shina nene asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na pingili yake mbichi ina maji mengi. Ukiichomeka kwenye udongo mzito uliolowa masika, inaoza kuanzia chini kabla haijaona mzizi. Mimi nilizika 12 kwa mtindo huo hapa Tengeru, nikavuna uji.

Siku hizi nakata vipande vya sentimita 20 hadi 30 kwa msumeno, maana panga linapasua shina. Hapohapo natia alama ya rangi upande wa juu. Vikishachanganyika hujui kichwa wala miguu, na ukipanda kichwa chini umepoteza muda. Halafu naviacha kivulini wiki nzima, jeraha likauke lifunge. Hapa ndipo wengi wanashindwa, wanaona kama wanakiua. Kikishakauka, kinaingia kwenye kiriba cha mchanga wa mto wenye udongo kidogo, theluthi moja chini. Samadi isubiri kwanza. Mwagilia siku ya kupanda, kisha usirudie mpaka uchome kidole ukute pakavu.

Mizizi ni wiki 4 hadi 8, baridi ya Juni na Julai inachelewesha zaidi. Majani huweza kutangulia kwa akiba iliyomo shinani, kwa hiyo ukiona kijani usikimbilie kuvuta.

BintiSoweto: Mimi maji yalinijibu, nusunusu. Moshi hapa kuna joto. Nilitia maji ya kina cha vidole vitatu, nabadilisha kila baada ya siku mbili. Kati ya pingili 5, mbili zikatoa mizizi, tatu zikanuka hadi mama akazitupa. Kuhamishia udongoni ndiyo kasheshe, mizizi ya maji ni laini, inakatika ukiiangalia tu.

MamaNjiro: Mbili kati ya 5! Hapana, ndoo naihitaji. Na kisiki kitakachobaki ning'oe?

fundi_miche: Usithubutu! Kitatoa vichwa viwili vitatu chini ya mkato, utapata mti mzuri kuliko huo. Kama pembeni yake kuna machipukizi, yatoe na mizizi yake. Hayo ndiyo ya uhakika kushinda pingili, tatizo hayatoshi uzio. Kile kichwa chenye majani nacho panda, punguza tu majani ya chini yasikinyonye maji. Na umewahi, Septemba joto linarudi na vuli bado.

Wa_Kibosho: Haya, nimekubali shingo upande. Ila kama una mbwa mtafunaji, mama, yuka itamsumbua tumbo.

MamaNjiro: Mbwa ninaye, na anatafuna hadi ndala. Viriba vitakaa juu ya tangi. Shina limeshuka leo, pingili 11, zimelala chini ya ngazi na vichwa vyake tumevipaka rangi ya kucha ya binti. Baba yake ameshauliza mara mbili kama ni kuni.