Naomba ushauri: mpelelezi wangu na siri ya mashine ya maungamo

Ndugu wanachama, salaam. Ninaandika riwaya ya kubuni ya kisayansi ambamo mtawa mpelelezi anachunguza kifo cha fundi aliyeunda mashine ya kusikiliza maungamo ya waumini. Mashine hiyo imemsikia muuaji akikiri, nayo inahifadhi kila neno, na hapo ndipo nilipokwama.

Katika Kanisa Katoliki, kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamkataza padre katakata kufichua siri ya kitubio. Lakini mashine si padre, wala haiwezi kumwondolea mtu dhambi, kwa hiyo sijui kama mtawa wangu anaweza kudai kumbukumbu zile bila kuisaliti imani yake. Nimejaribu kuzifuta kwa hitilafu ya umeme, na niliposoma sura hiyo upya niliona aibu, maana ni ujanja wa mwandishi mvivu. Nikajaribu kumpa mtawa ndoto inayomtaja muuaji, ila nikakumbuka kwamba mwandishi Mwingereza Ronald Knox, ambaye mwenyewe alikuwa padre, alikataza nguvu zisizo za kawaida katika kanuni zake 10 za hadithi za upelelezi za mwaka 1929.

Je, msomaji atakubali mtawa aiheshimu siri hiyo na kumpata muuaji kwa ushahidi mwingine, au ataona nimemnyima alichokuwa akikisubiri? Na ile ndoto, naweza kuibakiza kama chanzo cha shaka tu, pasipo kuifanya ushahidi?