Redio ya Probox imezima kabisa, mfukoni nina elfu tano. Naanzia wapi?

BintiGongoni

Asalaam aleykum jamaa. Nina Probox ya mwaka 2008, nabebea samaki na maembe kutoka Gongoni kuleta Malindi mjini, na msimu wa wageni nafika mpaka Watamu. Redio ni ile ile iliyoshuka nayo kutoka Japani. Ilianza kwa kukatikakatika nikiingia barabara ya vumbi, inarudi yenyewe, mpaka juzi ikazima moja kwa moja. Kioo hakiwaki, vitufe haviitiki.

Nimepita kwa fundi mmoja mjini. Redio hakuigusa. Kaniambia ninunue skrini kubwa ya elfu kumi na mbili, kazi yake elfu mbili na nusu, tena plagi za Toyota atazikata aunge waya kwa waya. Mimi nina elfu tano, na humo humo itoke ya mafuta ya kesho.

Haja yangu si kubwa. Baba hupanda nami asubuhi, na bila taarifa ya habari ya Pwani FM safari kwake haijaanza. Mimi nataka simu iingie kwa bluetooth nipokee wateja mikono ikiwa kwenye usukani. Skrini ya kutazama video sina kazi nayo.

Kazi ya mikono siiogopi, pampu ya kisima nyumbani naifungua na kuifunga mwenyewe. Naomba kujua: nitathibitisha vipi kwamba redio ndiyo iliyokufa? Plagi ni lazima zikatwe? Na hili linanisumbua tangu ninunue gari: stesheni zote nazipata kwenye namba zisizo zake. Redio mpya nayo itakuwa hivyo?

FundiRedio_Maweni

Waaleykum salaam mwanangu. Usinunue chochote kwanza. Redio inayokatika gari likirukaruka kisha ikarudi, mara nyingi ugonjwa uko kwenye waya au plagi, redio yenyewe nzima. Nasikitika sana mtu akiuziwa kitu cha elfu kumi na mbili na hakuna aliyempimia hata fyuzi.

Weka funguo kwenye ACC, ile hatua ya kuwasha redio kabla ya kufika kwenye injini. Taa ya ndani ya paa inawaka? Tundu la kuchajia simu linachaji? Redio inakula umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kudumu, inatunza stesheni hata gari likizimwa, na kwenye Toyota nyingi inatumia fyuzi moja na taa ya ndani, kifuniko cha boksi la fyuzi kimeiandika DOME. Ya pili inakuja ukizungusha funguo. Ikikosekana mojawapo, redio haiwaki au inasahau kila kitu. Fyuzi zipime kwa mita ya umeme, usitegemee macho, kwa sababu uzi unaweza kupasuka pembeni usiuone. Ukikuta iliyoungua weka ya amp ile ile. Palipo na 10 usitie 20 wala usifunge karatasi ya sigara: waya utayeyuka kabla ya fyuzi, na gari la watu limeungua hivyo.

Fyuzi zikiwa nzima, fungua. Toa waya hasi wa betri, spana namba 10. Kazi hii ifanye mchana gari likiwa limepigwa na jua kidogo, plastiki ya zamani ikiwa baridi inapasuka. Kung'oa fremu ya dashibodi usitie bisibisi tupu. Mwiko mwembamba wa mbao unatosha, unasukuma taratibu mpaka kila klipu iachie. Ndani utakuta bolti, namba 10 tena, na redio inatoka pamoja na vyuma vyake vya pembeni. Ukiona waya au plagi ya manjano iliyokoza iliyojitenga na nyingine, iache. Hiyo ni ya mfuko wa hewa.

Sasa hapa tulia. Huku pwani chumvi inaingia kila pahali, na wewe juu ya hayo unabeba samaki. Chomoa plagi ile kubwa ya pini 10 uigeuze kwenye mwanga, utazame kila jino. Likiwa na ukungu wa kijani umepata mgonjwa wako. Mswaki mkavu, kisha spiriti, iache ikauke kabisa, chomeka na kuchomoa mara kadhaa ili chuma kijisugue. Nyuma ya baadhi ya redio pana fyuzi nyingine ndogo, na hiyo watu wengi hawaijui. Ukiikuta, ipime.

Rudisha betri, upime kwenye plagi. Kwenye Toyota ya Japani, waya wa buluu wenye mstari wa manjano uwe na volti 12 wakati wote. Wa kijivu uwe nazo funguo ikiwa ACC tu. Wa kahawia ni ardhi, yaani hasi inayoungwa kwenye bodi ya gari. Hata hivyo amini mita kuliko rangi, gari limepita mikononi mwa watu. Umeme ukifika wote na redio bado kimya, hapo sema imekufa, tena kwa ushahidi.

Kuhusu plagi: zisikatwe. Nasema tena, zisikatwe. Inauzwa plagi ya kati, upande mmoja unaingia kwenye ile ya Toyota, upande wa pili ni waya wa kuungia redio yoyote. Ni shilingi mia chache tu. Ukikata ya gari, rangi zinapotea, viungo vya kusokota vinaota kijani ndani ya tepu kabla mwaka haujaisha, na atakayekuja kulifanyia kazi gari hilo baadaye atapapasa gizani. Kwa elfu tano yako, hiyo plagi ndiyo kitu cha kwanza kununua, redio inafuata.

Unaunga mezani, umekaa, si umelala chini ya dashibodi. Redio nyingi za dukani: manjano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa funguo, nyeusi ardhi. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, kulia kijivu, na yenye mstari mweusi ni hasi yake. Kuna mafundi wanafunga manjano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio inawaka, mteja anaondoka amefurahi. Lakini redio hiyo hailali, na siku gari likisimama bila kazi, betri utaikuta imekwisha. Ukizigeuza nazo, kila ukizima gari stesheni zinafutika. Chomelea kwa risasi, funika kila kiungo peke yake. Probox nyingi zina spika mbili tu za milangoni. Nyaya za kijani na zambarau za nyuma zikibaki, funga ncha moja moja. Ncha hizo zisigusane, na hasi ya spika usiipeleke kwenye ardhi ya gari, utaunguza redio siku hiyo hiyo.

Vipimo: nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, redio za kawaida ni 178, urefu wa kwenda juu 100 kwa kubwa na 50 kwa nyembamba. Kwa hiyo kila upande patabaki uwazi wa kama sentimita moja, unazibwa kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa. Wewe nunua nyembamba yenye bluetooth na FM, na chini yake weka kisanduku cha kuwekea vitu. Vyuma vya pembeni tumia vile vya zamani na skrubu zake fupi. Skrubu ndefu inaingia ndani inagusa saketi.

Na usidanganyike na maandishi ya boksi. Imeandikwa wati 60 mara 4, hiyo ni 240. Tazama fyuzi yake nyuma: amp 10. Amp 10 kwa volti 12 ni wati 120, hizo nyingine zinatoka wapi?

La stesheni sasa. Redio za Japani za miaka hiyo zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90. Sisi tunatangaza 87.5 mpaka 108. Walioliingiza gari walikufungia kiboksi kidogo kwenye waya wa antena, kinazishusha stesheni. Kikiwa cha kushusha 12, stesheni ya 100 utaiona kwenye 88. Kwenye redio mpya kitoe, chomeka antena moja kwa moja. Ukikisahau, stesheni zote zilizo chini ya 99.5 hutazipata kabisa, na utadhani umeuziwa redio mbovu. Halafu ingia kwenye mipangilio uchague eneo la Ulaya. Ikiwa kwenye la Marekani inaruka hatua kwa 0.2 na kushika namba za witiri tu, 100.3 inasimama, 100.4 inaipita.

Mokowe_Barabarani

Mimi gari naliacha hapa Mokowe nikivuka kwenda Amu. Namuunga mkono mzee wetu kwa plagi, ila mpya mimi singenunua. Nilitafuta redio ya mitumba ya Toyota yenyewe, kutoka Japani, nikapata kwa 3,000. Plagi imeingia moja kwa moja, hakuna kuunga hata waya mmoja, upana umejaa, na sauti yake hizi za dukani hazifiki. Dada, lifikirie hilo.

FundiRedio_Maweni

Kwa sauti na kwa kukaa sawa, umesema kweli kaka. Ila yeye anataka bluetooth, na nyingi za miaka ile hazina. FM yake nayo itakuwa ile ile ya mwisho 90, kiboksi kibaki. Na kuna zile zenye ramani: ukikata betri zinajifunga, zinadai kadi ya ramani au namba ya siri, na kadi ilibaki Japani. Anayenunua mitumba aombe iwashwe mbele yake, betri ikatwe, iwashwe tena. Muuzaji akikataa, songa duka la pili.

UmmuZuhra_Barani

Yangu nyembamba ya bluetooth nimenunua 2,300 hapa Malindi. La kuongeza ni moja: kama ina maikrofoni ya waya, usiiache imelala nyuma ya redio. Ipitishe uifunge juu ya safu ya usukani. Kabla ya hapo wateja walikuwa wanasikia feni kuliko mimi.

BintiGongoni

Shukran nyote, Mungu awazidishie. Nimefungua jana baada ya adhuhuri. Fyuzi zote nzima. Kwenye ile plagi ya pini 10, jino la waya wa buluu lilikuwa kijani mpaka limevimba, nimelisugua likang'aa. Umeme ukafika wote, redio ikawaka kwa muda nikafurahi, kisha ikazima na haikurudi tena, na mita bado inasoma 12.4. Kwa hiyo nimenunua. Redio 2,500, plagi ya kati 400, vipande vya pembeni 300, mita nimeazima kwa jirani. Plagi za gari ziko kama zilivyotoka kiwandani. Kiboksi cha antena kilikuwepo kweli, kimefungwa tepu juu ya bomba la hewa. Nimekitoa na stesheni sasa ziko kwenye namba zake.

Yamebaki mawili. Mlio hauna uzito, ule mdundo wa chini kama umefyonzwa, ingawa nikisogeza sauti upande mmoja tu unasikika vizuri. Na nikivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui huku nachaji simu, FM inakwaruza. Nikichomoa chaja inatulia.

FundiRedio_Maweni

Hongera sana mwanangu. Redio ya zamani usiitupe, iliyowaka kisha ikazima huenda ina kiungo cha risasi kilichopasuka ndani, niletee niitazame.

Mdundo: spika moja imegeuzwa. Inasukuma hewa mbele wakati mwenzake anavuta nyuma, na zikicheza pamoja mawimbi ya chini yanakufa. Inawezekana hukugeuza wewe, aliyewahi kubadilisha spika ya mlangoni ndiye. Chomoa plagi ya kati kutoka kwenye redio, chukua betri moja ya tochi ya volti 1.5. Gusisha chanya kwenye waya mweupe na hasi kwenye wenye mstari, mara moja na kuachia. Utasikia tik, na ukiwa umeweka kidole kwenye karatasi ya spika, au mtu wa kukutazamia kwa kurunzi kupitia wavu, ataona inatoka nje au inaingia ndani. Fanya hivyo kwa nyaya za kijivu. Inayoingia ndani wakati chanya iko kwenye chanya, geuza nyaya zake mbili kwenye upande wa redio, upande wako, mlangoni usiguse.

Mkwaruzo ni chaja. Chaja za bei ya chini zinakata umeme kwa kasi kubwa na kutoa kelele ndani ya mawimbi ya FM. Mjini stesheni ina nguvu inaifunika, ukienda mbali inazidiwa. Badilisha chaja, usifungue redio. Antena ivute mpaka mwisho wake na usafishe chuma cha shina lake, nako chumvi imekaa.

Halafu usiku mmoja gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, weka ile mita kwenye kipimo cha amp 10, kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake. Usigeuze funguo wala kufungua mlango mita ikiwa hapo. Ikisoma 0.05 kushuka chini, manjano na nyekundu zako ziko sawa. Ikizidi hapo chomoa fyuzi ya redio uitazame tena, uniandikie namba uliyoiona.