Ekari moja Chamwino: mipira ya matone au pampu na mifereji?

MkulimaMpya: Wakuu, nataka kulima nyanya kiangazi hiki, ekari moja, Chamwino, Dodoma. Nichukue pampu ya petroli ya inchi 2 na mifereji, au mipira ya matone? Nanunua mwisho wa mwezi.

FundiBomba: Maji yanatoka wapi? Kina gani? Kisima kinajaa kwa kasi gani? Bila hayo tutabaki kubahatisha.

MkulimaMpya: Kisima cha kuchimba kwa mkono. Maji yako mita 11 chini.

FundiBomba: Basi pampu ya kukaa juu ya ardhi sahau. Kwa mwinuko wa Dodoma, ukizidi mita 6 hivi inanguruma tu, haivuti. Na usiishushe kisimani, moshi wake unaua mtu humo ndani. Tafuta ya kuzamisha, ya sola.

MamaMatuta: Matone! Matuta yakiachana mita 1.5, katikati hadi katikati, yanakula mpira kama mita 2,700. Matundu kila sentimita 30 yanafika 9,000. Kwa lita 1 kwa saa kila tundu, ni lita 9,000 kwa saa. Usimwagilie yote kwa mpigo: gawa shamba vipande vinne, kila kimoja na koki yake.

FundiBomba: Nyanya zikibeba matunda ekari nzima inataka kama lita 20,000 kwa siku. Kisima cha mkono kitatoa? Anza na robo ekari.

Chumvichumvi: Mnasifia matone, maji ya huku mnayajua? Shamba moja jirani liliwekewa mipira bila chujio. Nyanya za mwanzo wa tuta zikastawi, za mwisho zikanyauka. Wakaongeza saa za kumwagilia: za mwanzo zikaanza kuoza mizizi, za mwisho kiu ileile. Walipopasua mpira, matundu yamejaa chokaa na tope. Mipira yote ikatupwa.

MamaMatuta: Tope hilo ni kosa la kukosa chujio, mpira hauna hatia. Funga chujio la diski la meshi 120 (kipimo cha udogo wa matundu ya chujio), matundu ya mpira yatazame juu, fungua ncha za mipira kila wiki tope litoke. Na manyunyu ya kwanza yakidondoka, usizime maji: chumvi ya maji ambayo matone yaliisukuma pembeni, mvua ndogo inairudisha kwenye mizizi.

Chumvichumvi: Na panya je? Kiangazi wanatafuna mipira wakitafuta maji.

MamaMatuta: Ifukie sentimita 5.

Chumvichumvi: Ukifukia, tundu lililoziba utalionaje?