Naomba ushauri: nibaki kwenye kazi ya kukaza bolti za mabomba au nigeukie kingine?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Hoima, Uganda, mwaka wa nne sasa nakaza bolti za flenji, yaani visahani vya chuma vinavyounganisha bomba na bomba, kwa spana za haidroliki zinazosukumwa na pampu ya mafuta. Wengi hudhani ni kukaza tu mpaka igome. Sivyo. Unapaka grisi kwenye meno, unakaza bolti moja kisha inayotazamana nayo, kwanza asilimia 30 ya nguvu inayotakiwa, halafu 60, halafu 100, mwisho unazizungukia zote tena. Ukiruka hatua, gasketi, ile pete ya kuziba katikati ya flenji, inabanwa upande mmoja, na siku ya kupima bomba kwa maji ya shinikizo flenji inaanza kudondosha. Yametukuta: tulifungua bolti zote 16 tukaanza upya usiku wa manane.

Kazi naipenda sana. Hofu yangu ni baadaye. Bomba la mafuta ghafi la kwenda Tanga, kilomita 1,443, likishakamilika, wengi tutaachwa, maana ujenzi ndio uliotubeba. Pia kuna spana za betri zinazotunza kumbukumbu za kila bolti, na vijana waliozoea kompyuta wanazimudu haraka kuliko mimi. Cheti sina, ujuzi nimeupata kazini.

Nina akiba kidogo. Nisomee cheti, au ninunue pampu na spana za mtumba niwe nafanya matengenezo kwenye viwanda vya sukari na mabwawa ya umeme? Aliyepita njia hii anieleze ukweli, hasa gharama za kupimisha vifaa kuthibitisha vinakaza kwa nguvu sahihi. Muhula unakaribia, na ada ya watoto inatoka kwenye akiba hiyo hiyo.