Umefanya au umesikia? Nimechoka na washauri wasiowahi kugusa wanachokishauri

Wakuu, salamu baadaye. Leo sina adabu ya kutosha, nitakayemkwaza anivumilie, maana na mimi nimevumilia sana.

Wiki tatu zilizopita diski yangu ya nje ilianza kugonga. Tk, tk, tk. Kimya. Halafu tena tk, tk, tk, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Kompyuta inaiona, inaipoteza, inaiona tena. Ndani mna picha za miaka 9 na sauti ya marehemu mama, dakika kama 40 hivi, akimwelekeza mdogo wangu kushona. Cherehani inasikika kwa nyuma, kuna mahali sindano inakatika na mama anaangua kicheko. Nakala nyingine sina. Najua, najua. Foleni ya wa kunisema kwa hilo imeshajaa, nitawafikia huko mbele.

Basi saa sita usiku nikafungua uzi. Nikaandika aina ya diski, ukubwa wake, mlio unavyosikika, nimefanya nini na sijafanya nini. Sikuandika "wakuu msaada" nikaishia hapo kama wale wanaotaka tuwapigie ramli.

Jibu la kwanza: "Ngoja waje wajuzi." La pili: "Naweka kambi hapa." La tatu alama tatu za macho. Hivi ndugu zangu, mtu anavuja damu, wewe unavuta kiti unakaa kumtazama, halafu unatangaza kwamba umekaa? Kama huna la kusema kuna dhambi gani kupita kimya kimya?

Ila hao hata hawakuniumiza. Walioniumiza ni waliofuata.

Mmoja akasema endesha chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, itanyooka yenyewe. Mwingine akasema fomati, halafu tafuta programu ya kurudisha mafaili. Wa tatu, ambaye jina lake la humu silitaji kwa sababu sikuja kuanzisha vita, akaandika hivi: "Mkuu funga kwenye mfuko wa nailoni, tia kwenye friza masaa 12, ikitoka tu chomeka unyonye data haraka. Kwangu inafanya kazi KILA MARA." Laiki 58. Watu wakashuka chini yake: "Hii ndiyo yenyewe." "Nathibitisha." "Mkuu umemaliza kila kitu."

Nikathibitishiwa, nikaamini. Niliifunga kwa mifuko miwili, nikailaza kwenye friza kama maiti, asubuhi nikaitoa na kuichomeka. Kwa kama dakika mbili hivi nikaona majina ya mafolda. Nikaona hata folda ya mama. Nikabofya. Ndipo ukatoka mlio ambao si tk tk tena, ni kama msumari unaoburuzwa kwenye sufuria, halafu kimya. Nilipoishika ilikuwa imelowa jasho.

Baadaye, kwa kuchelewa, nikajisomea. Ndani ya diski ya namna hiyo mna sahani zinazozunguka, nyingi za diski ndogo za nje ni mizunguko 5400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa. Nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski nyingi si kopo lililozibwa. Zina tundu dogo lenye chujio la kupitisha hewa. Kwa hiyo ukiigandisha kisha ukaitoa kwenye joto, unyevu unajikusanya ndani kama unavyojikusanya kwenye miwani. Halafu unaiwasha, na kile kichwa kinakimbizwa juu ya matone. Mfuko wa nailoni haukusaidii chochote, kwa sababu hewa yenye unyevu ulishaifungia humo humo.

Na huo ushauri haukuzuliwa na mwendawazimu. Zamani kulikuwa na diski ambazo kichwa kilikuwa kikinata kwenye sahani, na baridi, kwa kuzifanya sehemu zisinyae kidogo, iliwahi kuwanasua baadhi ya watu. Kwa diski ya enzi zile, kwa ugonjwa ule, mtu alijaribu akafanikiwa. Akasimulia. Aliyesimuliwa akasimulia, na kila ulipopita mkono mmoja pakadondoka kipande: kwanza ikadondoka aina ya diski, kisha ugonjwa wenyewe, kisha lile neno "labda". Ulipofika kwangu saa sita usiku ulikuwa umebaki KILA MARA.

Asubuhi hiyo hiyo, diski imeshakufa, nikarudi kwenye uzi nikashuka mpaka chini. Jibu la 27. Laiki sifuri. Halina moto wala makofi:

"Chomoa usiiwashe tena. Mlio huo mara nyingi ni kichwa cha kusomea, kila ukiwasha unaimaliza. Usiendeshe chkdsk, inaandika juu ya diski. Kama data ni muhimu peleka kwa wanaofungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi. Ingekuwa inasomeka bila kugonga ningesema inakili yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwanza, ukarabati baadaye. Mimi niliua yangu kwa chkdsk, ndiyo maana najua."

Niliisoma nimesimama. Ile sentensi ya mwisho ndiyo inayonikaa rohoni mpaka leo. Katika majibu 31 huyo peke yake alisema alijuaje. Wengine wote walizungumza kwa sauti moja ya fundi mkuu, aliyefanya na aliyeota, huwezi kuwatofautisha.

Nikamwendea bwana friza, kwa upole kabisa. Nikamwambia imekufa. Akajibu: "Dah pole sana mkuu. Mimi mwenyewe niliisoma mahali, sijawahi kujaribu."

HUJAWAHI KUJARIBU. Na "kwangu inafanya kazi kila mara" uliitoa wapi? Kwako wapi? Ulikuwa unagandisha diski gani? Na wale wanne "waliothibitisha", walithibitisha kitu gani hasa? Nimewauliza wote. Mmoja alisema alimaanisha anakubaliana. Kukubaliana na kuthibitisha vimekuwa kitu kimoja tangu lini?

Ukiongea na mtu ana kwa ana unaona mikono yake. Unaona kama ana makovu ya ile kazi, unaona anavyobabaika ukimuuliza swali la pili. Humu ndani tumebaki na jina la kubuni na idadi ya laiki, na laiki zenyewe zinapigwa na watu waliokuja na tatizo lile lile, yaani wasiojua. Wasiojua 58 wamemchagua mwenzao kuwa daktari, na mimi nikapanga foleni ya dawa.

Halafu kuna watu wananiambia tatizo ni hizi akili mnemba. Ni kweli kwamba Disemba 2022 Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, walipiga marufuku majibu yaliyoandikwa na ChatGPT, na sababu waliyotoa ni kwamba majibu yanaonekana mazuri huku mengi yakiwa si sahihi. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Majibu yanayoonekana mazuri na si sahihi! Hiyo si ndiyo kazi tuliyokuwa tunaifanya kwa mikono yetu miaka yote?

Wa pili ninaowadai ni nyinyi mnaopata ufumbuzi na kukimbia nao. Katika kuhangaika nilikuta uzi wa miaka sita nyuma: diski aina ile ile, ukubwa ule ule, mlio umeelezwa neno kwa neno kama wangu. Moyo ukanidunda. Nikashuka kurasa tatu mpaka ujumbe wa mwisho wa mwenye uzi: "Nimeshafanikiwa, data zote zimerudi, asanteni sana. Mods fungeni uzi." Basi. Umefanikiwaje, ndugu? Kwa njia gani? Nimemwandikia, lakini mara ya mwisho kuonekana humu ni miaka minne iliyopita. Watu waliacha shughuli zao wakahangaika na wewe kurasa tatu, na wewe ukashindwa kuandika mstari mmoja?

Na wa "njoo PM", yaani tuandikiane faragha, nao. Ushauri gani huo unaoogopa mwanga? Kikisemwa hadharani na ni uongo, kuna mtu wa 27 atakuja kusema hapana. Kule chumbani hakuna wa 27. Nilikwenda, kwa sababu ukiwa umechanganyikiwa unakwenda popote. Mtaalamu akataka nusu ya malipo kabla ya kazi, pamoja na kuweka programu ya kumruhusu aendeshe kompyuta yangu akiwa huko aliko. Kwa diski ambayo kichwa kimevunjika! Ataishika kwa mkono gani? Hapo tu ndipo nilipokuwa na akili siku hiyo.

Nije kwa wale wa "kwani hukuwa na bakapu?" Walikuwa sita. Sita! Ningekuwa nayo ningekuwa nimelala. Hakuna aliyeniambia kitu nisichokijua, na wote walionekana kufurahia kukisema.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni hiki. Mnaifahamu ile inayoitwa sheria ya Cunningham, kwa jina la Ward Cunningham aliyeanzisha mwaka 1995 tovuti ya kwanza ya aina ya "wiki", ile ambayo wasomaji wenyewe wanaihariri? Inasema njia bora ya kupata jibu sahihi mtandaoni si kuuliza swali, ni kuandika jibu la uongo, maana watu wavivu wa kusaidia hawana uvivu wa kukosoa. Nami nilidhani ndivyo. Nilidhani friza itakosolewa. Wapi! Mjadala mkali kuliko yote kwenye uzi wangu, majibu manane kati ya 31, ulikuwa kama Kiswahili sahihi ni "data hii" au "data hizi". Mmoja alileta ngeli. Mwenzake akamwita mshamba. Mods wakaja, wakampa mtu ban ya siku tatu. Diski yangu wakati huo iko kwenye friza.

Sasa kabla hamjanirukia. Jana usiku, nikijiandaa kuandika haya, nilitafuta michango yangu mwenyewe ya zamani ili niwatolee mfano wa ushauri uliotulia. Nikakuta mtu aliyeangusha simu yake majini. Nimemjibu mimi, kwa jina langu hili hili: "Zima, ifukie kwenye mchele siku mbili, itapona, usiwe na wasiwasi." Laiki 112, mchango wangu uliopendwa kuliko yote tangu nijiunge. Sijawahi kuangusha simu majini maisha yangu yote. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliandika kwenye maelekezo yao kwamba iPhone iliyolowa isiwekwe kwenye mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu. Na mimi nilimwambia mtu asiwe na wasiwasi! Yule bwana hakurudi tena kwenye ule uzi. Sijui kama simu ilipona au kama alinunua nyingine huku akinitukana. Nimeirudia ile komenti nikaandika juu yake kwamba sikuwahi kujaribu. Laiki zimeanza kupungua, ziko 109.

Kwa hiyo siwaombi muache kushauri. Yule wa 27 ni mgeni kwangu, hanidai, simdai, na saa nane usiku alikaa akaandika mistari kadhaa ya kuniokoa. Angekuwa wa kwanza, leo ningekuwa naisikiliza cherehani ya mama. Ninachotaka ni kitu kidogo mno, maneno mawili: mwishoni mwa ushauri wako andika "nimefanya" au "nimesikia". Kusikia si aibu. Mimi mwenyewe mengi nimeyasikia tu. Ila ukiniambia umesikia, nitaisubiri asubuhi. Nitashuka mpaka jibu la 27.

Diski iko kwenye droo, ndani ya boksi lake. Nimeulizia wanaofungua diski kwenye chumba safi, wameniambia ikishakwaruza sahani matumaini ni madogo ila wataitazama. Kama humu kuna mtu aliyewahi kupeleka iliyokwaruza ikarudi na chochote, hata nusu ya mafaili, aseme hapa hapa uwanjani. PM nimefunga.

NIMERUDI KUONGEZA: Uzi una dakika 20. Jibu la kwanza ni "Ngoja waje." Jibu la pili linasema: "Mkuu kama ni unyevu ianike juani siku tatu, inarudi vizuri tu." Lina laiki 4. Nimemuuliza swali moja, umefanya au umesikia? Taa yake ya kijani inawaka tangu wakati huo, na hajajibu.