Besi inasikika jikoni, kwenye kochi haipo. Ninunue kiboksi cha DSP (cha kurekebisha sauti kidijitali)?

Mpenda Rumba (mleta uzi): Wakuu, heshima kwenu. Nina spika mbili za kusimama na amplifaya ya wati 80 kila upande. Sebule ni ya tofali, vigae chini, jipsamu juu. Nikiweka rumba, besi inatikisa masufuria jikoni, ila mimi niliye kwenye kochi nasikia sauti ya mwimbaji na matoazi tu. Nimepima kwa maiki ya UMIK-1 na programu ya REW, kuna shimo refu kwenye 43 Hz (mitetemo 43 kwa sekunde), yaani besi hapo inapotea. Nawaza kifaa chenye Dirac Live, programu ya kurekebisha sauti ifuate chumba, kinyooshe mambo. Kitanifaa? Nakosa raha kabisa.

Sabufa Kubwa: Ongeza sabufa la inchi 12, umemaliza kazi. Langu likilia, mtaa mzima unajua ni Ijumaa.

Mama Wawili: Na kwenye huo mtaa hakuna mgonjwa wala mtoto mchanga? Tuoneane huruma jamani.

Mwanakwaya: Bandika trei za mayai ukutani. Tulikorekodi kwaya yetu walijaza mpaka darini. Sopranu zilitoka safi, japo mwalimu alitugombeza siku nzima.

Fundi Mawimbi: Trei hazigusi besi. Wimbi la 43 Hz lina urefu wa mita 8, litazipita kama hazipo. Mleta uzi, chumba kina ukubwa gani, na unakaa sehemu gani?

Mpenda Rumba: Sebule ya kawaida tu, mkuu. Naomba tujadili kifaa.

Fundi Mawimbi: Bila vipimo sina la kukushauri.

Mpenda Rumba: Mita 4 kwa 4. Kochi liko katikati. Nyuma yake kuna meza ya chakula, na hiyo haihami, wakwe wakija wanakula pale. Halafu kiboksi nimeshakitolea advansi, na muuzaji kasema hairudi. Dirac ni kampuni ya Uppsala, Sweden, wale hawabahatishi. Kwa sasa natumia Equalizer APO, programu ya kupandisha na kushusha toni, kwenye kompyuta, nimepandisha 43 Hz kwa desibeli 12. Besi haijaja, spika ndiyo zimeanza kukwaruza.

Fundi Mawimbi: Shusha hizo desibeli sasa hivi, kabla hujasoma mbele! Desibeli 12 ni nguvu mara 16 hivi. Amplifaya yako haina hizo wati.

Sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Kwenye chumba cha mita 4, wimbi lenye urefu mara mbili ya chumba hugonga ukuta, likarudi na kukutana na lenzake. Ukutani yanajazana, katikati yanafutana. Ndiyo maana kwako hakuna kitu na jikoni masufuria yanacheza. Ukiongeza nguvu, na lile linalorudi linaongezeka vilevile, yanaendelea kufutana. Uzi mnene wa gitaa la besi ni 41 Hz, kwa hiyo unaukosa muziki wenyewe.

Msema Kweli: Ngojeni kwanza. 343 gawa kwa 8 ni 42.9. Mita 4 kamili, kochi katikati kamili, shimo 43 kamili? Hii chai. Huyu ndiye muuzaji wa hivyo viboksi, anatafutia wateja humu.

Sabufa Kubwa: Alete picha ya hiyo meza ya wakwe 😂

Mpenda Rumba: Nimeeleza shida yangu kwa moyo mmoja, naitwa dalali! Chumba nilipima kwa futikamba, sikukadiria kwa macho.

Mama Wawili: Muuzaji gani atasema spika zake zinakwaruza?

Fundi Mawimbi: Hesabu kutoka sawa si ushahidi wa uongo. Mleta uzi, ukishashusha zile desibeli, piga toni ya 43 Hz kwa sauti ndogo, kaa kwenye kochi, kisha kaa ukutani.

Mpenda Rumba: Nimerudi. Ukutani imejaa mpaka kifuani, kwenye kochi haipo. Lakini meza, mkuu…

Fundi Mawimbi: Meza ipeleke ubavuni. Kochi lirudishe nyuma hadi kichwa kiwe mita moja na nusu kutoka ukuta wa nyuma, kisha pima upya. Hapo kiboksi kitakuwa na kazi: kupunguza vilima, yaani toni zinazojaa kupita kiasi, vilivyo chini ya 300 Hz. Advansi yako haijapotea.

Mpenda Rumba: Wakwe wanakuja Jumapili. Nitahamisha Jumatatu.

Msema Kweli: Na grafu ulete.