Wenye uzoefu na mashine ya kupiga kasia: nibaki kwenye timu ya gym au nijitoe mapema?

BintiWaLigula
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Mtwara mjini, gym ninayofanyia mazoezi iko Shangani, ina mashine mbili za kupiga kasia, zile Concept2 zenye feni mbele na kiti kinachoteleza. Kocha kaunda timu ya watu wanne, wanaume watatu na mimi, twende Dar tukashindane na gym nyingine. Kuna mita 2000 za mtu mmoja mmoja halafu kuna ya kupokezana, mashine moja wote wanne, mmoja akishuka mwenzie anadaka kiti mita zinaendelea kuhesabika.

Ishu yangu ni hiyo 2000. Naanza vizuri kabisa, mita 500 za kwanza natoka na 1:55 mpaka watu wanageuka kuangalia, za pili 2:15, za tatu 2:30, za mwisho 2:40 na hapo naona giza, mapaja yanawaka, mgongo wa chini unakaza yaani kesho yake kuinama kufagia uwanja ni shughuli. Kocha anasema nina roho nyepesi, nisukume tu. Na feni kaiweka kwenye 10, anadai timu haifanyi mazoezi ya kitoto. Mimi nina kilo 58, wenzangu wote wamepita 80. Najiona nawaangusha. Nijitoe watafute mtu mwingine au kuna namna? Matusi hapana jamani.

MzeeWaMinada
Mdogo wangu mashindano yenyewe lini? Kama ni Novemba usijisumbue kujitoa, korosho zikianza kupigwa mnada hao wanaume watatu utawatafuta kwa tochi maghalani 😂

BintiWaLigula
Septemba kaka, kocha hilo alishaliona.

KafiMkononi
Dada usijitoe, nimejumlisha namba zako. Jumla ni 9:20, maana yake wastani wako ni 2:20 kwa kila mita 500. Sasa wewe unaanza na 1:55. Hii mashine nguvu haipandi sawasawa na spidi, inapanda kwa mchemraba wake, kwa hiyo 2:20 inataka kama wati 128 ila 1:55 inataka wati 230, badilisha skrini ionyeshe wati utaona mwenyewe. Unachoma karibu mara mbili ya uwezo wako dakika mbili za mwanzo halafu unashangaa giza linatoka wapi. Hiyo sio roho nyepesi, hiyo ni hesabu.

Jaribu hivi: 500 ya kwanza shikilia 2:22 hata kama unajisikia unaweza kuruka, ya pili 2:20, ya tatu 2:18, ya mwisho toa kilichobaki. Ukiifunga kwa 2:10 umemaliza 9:10 na hujazimia. Mipigo mitatu minne ya kwanza kabisa piga mifupi ya haraka kuamsha feni, baada ya hapo tulia kwenye spidi yako, usimwangalie jirani.

La pili hiyo 10. Kile kidude cha pembeni sio uzito kama wa vyuma, kinaruhusu hewa kiasi gani iingie kwenye feni. Ukikiweka 10 ni kama unasukuma jahazi, kila mpigo feni inapoa haraka inabidi uianze upya na mgongo ndo unalipa. Watu wengi wazuri wanakaa kati ya 3 na 5. Halafu kuna kitu huku kwetu watu hawakijui, vumbi likijaa kwenye wavu wa feni hewa haipiti, 5 ya mashine moja inakuwa sio 5 ya nyingine. Skrini inaweza kukupimia ukinzani wenyewe, inakupa namba kama 110 au 125, ikariri namba yako, ukifika Dar tafuta namba hiyohiyo kwenye mashine yao.

NgalawaKwanza
Bahari ipo hapo mnalipia kupiga kasia ndani ya nyumba 😂 njoo Msangamkuu upewe mtumbwi bure, wavuvi watakufundisha na samaki utapata.

KafiMkononi
Mkuu kafi la mtumbwi unaangalia mbele na kazi kubwa ni mabega na kiuno. Hii ya mashine ni miguu kwanza. Dada nadhani hapa ndo mgongo wako unapoumia: sukuma miguu mpaka inakaribia kunyooka, ndo mgongo ulale nyuma kidogo, ndo mikono ivute mpaka chini ya kifua. Kurudi ni kinyume, mikono, mgongo, magoti mwisho, na urudi taratibu kuliko ulivyosukuma. Ukivuta kwa mgongo kabla ya miguu, 2000 nzima unakuwa unanyanyua gunia.

NesiWaZamu
Naongezea kidogo. Mgongo kukaza siku moja sawa, ila maumivu yakishuka mguuni au ukapata ganzi acha mashine uende hospitali, usisikilize habari za kusukuma tu. Na joto la Mtwara na huo unyevu, pima kilo kabla na baada ya mazoezi, ukishangaa umepungua kilo nzima ujue ni maji, sio mafuta.

MzeeWaMinada
Hapo kwenye kilo 80 na wewe 58 mbona wanakuonea? Hakuna madaraja?

KafiMkononi
Kimataifa yapo, mashindano ya ndani wanawake wepesi mwisho kilo 61.5, wanaume 75. Dada uliza waandaaji kama wameliweka. Wasipoliweka bado kwenye kupokezana una faida, mtu mwepesi anaingia na kutoka kwenye kiti fasta. Msifunge mikanda ya miguu, mwenzenu mmoja apige magoti ashike miguu ya anayevuta, na fanyeni mazoezi ya kubadilishana tu bila kuvuta sana, timu nyingi zinapoteza sekunde pale wakati feni inapoa.

BintiWaLigula
Asanteni sana jamani. Jioni nimeweka 4 kocha alipotoka kupokea simu, nimeenda mita 1000 kwa 2:20 na nilikuwa bado naongea. Karudi kaona, kanuna, ila hajairudisha 10. Swali lingine, siku za kawaida nifanye hiyo 2000 kila siku?

KafiMkononi
Hapana, utajichosha. Siku nyingi nenda dakika 30 mpaka 40 mdogomdogo, mipigo 20 hadi 22 kwa dakika, spidi ya kuweza kupiga stori. Mara moja kwa wiki vipande vya mita 500 vinne na upumzike katikati. 2000 kamili iguse mara chache tu.

NgalawaKwanza
Nauli ya Dar nani analipa?

BintiWaLigula
Gym nusu, nusu sisi. Ndo maana sitaki niende kuzimia kwa hela yangu.